Kompyuta ya Watu Wawili

Chuo alichojiunga mke wangu kilikuwa na wanafunzi wengi kuliko kompyuta, hivyo siku ya kwanza mwalimu aliwapanga wawili wawili. Mke wangu akapangwa na kijana mmoja kutoka Sengerema, ng'ambo ya ziwa. Jioni ile aliporudi nyumbani aliniambia, huku anavua viatu, "Nimepata mwenzangu mzuri. Ana akili yule, na wala hana maringo." Nikasema vizuri, nikaendelea kupiga pasi suruali ya mteja. Wivu haukunishika siku hiyo. Ulinijia polepole, kama unyevu unavyopanda ukutani, na nilipokuja kuushtukia ulikuwa umeshafika darini.

Mimi ni fundi cherehani, mtoto wa fundi cherehani. Nashonea Mirongo, kwenye fremu ya duka aliyoniachia baba, na tunaishi Pasiansi na binti yetu. Mke wangu ni karani katika duka la vifaa vya ujenzi la familia moja ya Kihindi hapa mjini. Kazi yake ni kuingiza mali kwenye kompyuta, na kwa muda mrefu alikuwa akirudi amekasirika kwa sababu ya watu waliomtangulia kwenye kiti kile. Bomba la aina moja limeingizwa mara tatu, rangi ya aina moja mara tano. "Mashine ingeweza kuyaona haya yenyewe," alikuwa akisema, "kama kungekuwa na mtu wa kuiambia."

Ndipo akatafuta kozi ya Jumamosi ya kuandika programu kwa lugha ya Java. Niliikubali siku hiyohiyo. Nilimshonea na gauni jipya la bluu la kuendea chuoni, la mikono mirefu, pindo nimelishona kwa mkono. Nilijiona mume mwelewa kupita waume wote wa mtaa wetu.

Jumatano moja baada ya swala ya magharibi alikuwa jikoni anageuza sato kwenye kikaango, simu ameibana kati ya sikio na bega. Nilikuwa sebuleni, mlango wazi.

"Huyo tumeshamwona!" akasema, anacheka. "Huyo mruke. Twende kwa anayefuata. Eeh, huyo ni mgeni, huyo mwandike."

Nikasimama mlangoni. Alipokata simu nikamuuliza, "Nani mmeshamwona?"

"Saba."

"Saba ndiye nani?"

"Namba saba, baba watoto." Akanitazama kama anashangaa swali lenyewe. Akanieleza kwamba mwalimu amewapa safu ya namba, yaani namba zilizopangwa kwenye mstari mmoja kama watu waliopanga foleni, na baadhi zimejirudia. Wao wanatakiwa kuandika programu itakayozitaja namba zile, kila moja mara moja tu. Yule mwenzake huziita wageni. Mgeni akija mara ya kwanza anaandikwa, akija tena anarukwa.

"Na hilo ndilo linalokuchekesha hivyo?"

"Ungemsikia anavyosema mwenyewe ungecheka," akajibu, akageuza samaki.

Nilikula samaki wale bila kujua ladha yao. Mke wangu si mtu wa kuchekacheka. Mimi kumchekesha hunichukua wiki nzima, na mara nyingi hucheka kwa kunionea huruma. Huyu alikuwa amemchekesha kwa namba saba.

Dada yangu mkubwa anauza vitenge karibu na gati la kivuko cha Kamanga. Siku moja alinipitia kazini, nikamwamkia, akaitikia marahaba yake nusunusu, akakaa kwenye kiti cha wateja bila kuagiza chochote.

"Mdogo wangu, sikuja kukuchonganisha na mtu," akaanza, nami nikajua kwamba ndicho alichojia. "Wifi nimemwona gatini Jumamosi. Amekaa benchi moja na kijana. Wanachora chini kwa kijiti, vichwa vimegusana. Wala hakuniona, nami nimepita mbele yake."

"Ni mwanafunzi mwenzake. Anamsindikiza kivukoni, wanamalizia masomo."

"Sawa," dada akasema. "Mimi nimesema nilichokiona."

Nilijikuta natetea kitu ambacho mimi mwenyewe sikuwa na uhakika nacho, na dada alipoondoka nilikaa na mguu juu ya kanyagio la cherehani bila kukanyaga. Kilichonichoma si benchi. Ni kwamba alipita mtu mnene kama dada yangu, na kikapu cha vitenge kichwani, na mke wangu hakumwona.

Jumamosi iliyofuata nilifunga fremu mapema nikaenda gatini. Sikujificha. Nilitaka wanione nikija, ili nione sura zao zitabadilika namna gani. Walikuwa palepale dada aliposema. Mke wangu amevaa lile gauni la bluu. Nilitazama mshono wa begani niliourudia mara mbili ili ukae sawasawa, na nyuma ya bega lile kijana mrefu, shati jeupe, meno yamepangika, ananyoosha kidole kwenye visanduku vilivyochorwa vumbini. Kwa kweli alikuwa mzuri wa sura. Nilikuwa nimeomba awe na kasoro hata moja.

Sura zao hazikubadilika. Mke wangu alifurahi kuniona. Kijana alisimama haraka, akafuta mkono kwenye suruali, akainama kidogo.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba," nikasema. Namzidi miaka, sikatai, lakini nilihisi kama amenikumbusha jambo hilo mbele ya mke wangu kwa makusudi.

Akaanza kunieleza bila kuulizwa, kwa adabu, kama mtu anayemwonyesha mgeni shamba lake. Ndani ya visanduku walikuwa wameandika nne, saba, nne, tisa, saba, mbili. Programu yao ilitakiwa itoe nne, saba, tisa, mbili. Walikuwa wameandika mzunguko mmoja, yaani amri zinazojirudia, ndani ya mwingine. Wa nje unashika namba moja, wa ndani unaipitisha kwenye safu kuona kama ilishaonekana. Lakini wakiiwasha, mashine haichapishi chochote. Wamehangaika nayo asubuhi nzima na hawajui kosa liko wapi.

"Na mkishazipata hizo namba," nikauliza, "mnazifanyia nini?"

Wakatazamana, wakacheka wote wawili. Hawakunicheka kwa dharau, najua. Lakini walicheka kwa pamoja, kwa wakati mmoja, na mimi nilikuwa upande wa pili wa kicheko.

"Hatuzifanyii kitu," mke wangu akasema. "Ni zoezi."

Honi ya kivuko ikalia, kijana akaaga, akakimbilia kwenye foleni. Tulirudi nyumbani mke wangu anaongea njia nzima, nami naitikia. Kesho yake nilishona mkono wa kushoto wa shati la mteja kwenye bega la kulia. Ilibidi nilifumue lote.

Siku chache baadaye, jioni, tulikuwa sebuleni. Mimi na pasi yangu, yeye na laptopu kuukuu ambayo tajiri wake dukani alimruhusu kuja nayo. Alikuwa anasoma mistari ya programu kwa sauti ndogo, kidole kwenye kioo.

"Nachukua nne. Naipeleka kwenye safu. Nauliza, je, wewe ni nne? Wa kwanza anajibu ndiyo..." Halafu akapiga meza kwa kiganja. "Ni yenyewe! Inajiona yenyewe! Kila namba nikiitafuta kwenye safu nzima lazima niikute, maana na yenyewe imo humo! Ndiyo maana zote zinarukwa! Natakiwa nitazame zilizotangulia tu, za nyuma yake, nisifike kwake!"

Nilikuwa nimeshaweka pasi pembeni. Uso wake uliwaka namna ambayo sijaiona tangu binti yetu azaliwe, nami nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka kwake, nimefungua mdomo nimpongeze. Akachukua simu akampigia kijana wa Sengerema.

Waliongea kwa dakika nyingi. Nilimsikia kijana akishangilia huko aliko. Alipokata, akaniona bado nimesimama.

"Vipi?"

"Nilikuwa hapa," nikasema.

"Ninajua ulikuwa hapa."

"Umepata kitu, umefurahi, mimi nipo hapa, na umempigia mtu aliye ng'ambo ya maji."

Akaelewa. Niliona anavyoelewa, na niliona kwamba hakuwa amewahi kuliwaza jambo hilo hata mara moja, na hilo nalo likaniuma.

"Mume wangu," akasema taratibu, "ningekwambia, ungenielewa?"

Hakusema kwa kejeli. Aliuliza swali la kweli, kama anavyoniuliza kama nimeshafunga geti. Nikarudi kwenye pasi, nikanyoosha kola moja mpaka ikaanza kung'aa. Kisha nikasema, bila kumtazama, "Basi nifundishe."

Alinifundisha. Nilikuwa mwanafunzi mgumu. Jambo la kwanza nililombishia ni kwamba hakuna haja ya kazi yote ile. "Mbona naziona kwa macho? Ni nne, saba, tisa na mbili. Nimemaliza."

"Wewe unaziona zote kwa mara moja. Mashine haioni hivyo. Inashika moja, inailinganisha na moja, basi. Lazima uiambie kila hatua."

"Ina akili gani hiyo sasa?"

"Haina. Akili ni ya kwako. Andika."

Nikaandika kwa vidole viwili. Nilisahau nukta mkato mwisho wa mistari, nikafungua mabano nisiyafunge, mashine ikanijazia kioo kwa maneno mekundu. Kuna siku mke wangu alichoka nami akaenda kulala, akaniacha na binti yetu ambaye alinionyesha, kwa kutupa jicho mara moja tu kutoka kwenye madaftari yake, mahali nilipoandika herufi kubwa pasipotakiwa. Jumapili moja mchana, baada ya kubadilisha kitu ambacho hata sasa sikumbuki ni kipi, kioo kilitulia na namba zikajitokeza chini: nne, saba, tisa, mbili. Nilisimama. Nilitoka nje mpaka barazani, nikarudi ndani kuangalia kama bado zipo. Zilikuwepo.

Mtu angedhani wivu ungeishia hapo. Ulizidi. Kabla ya siku ile nilikuwa naogopa kitu nisichokijua. Sasa nilijua. Raha ile niliyoipata kwa dakika moja, ya kitu kilichokataa kikakubali, hao wawili walikuwa wakiila kila Jumamosi kutoka sahani moja.

Karibu na mwisho wa kozi mwalimu aliwaambia kila wawili watasimama mbele ya darasa waeleze programu yao na kujibu maswali. Wakati uleule kijana akabadilishiwa zamu hospitalini Sengerema, alikokuwa akifanya kazi ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa. Jumamosi zikawa za kazi. Mke wangu akaanza kukaa peke yake kwenye kompyuta ya watu wawili, na akawa anarudi nyumbani kimya. Nilikuwa nimeitamani sana siku ambayo yule kijana angetoweka, na ilipokuja nilikaa mezani namwangalia mke wangu anavyochezea chakula, nikauonea wivu hata ukimya wake.

"Jumapili nitavuka niende Sengerema," akasema. "Tufanye mazoezi japo mara moja."

"Mwambie aje yeye," nikasema. "Aje hapa nyumbani, ale, mfanye kazi yenu."

Akanishika mkono kwa furaha. Sitajisifu kwamba ulikuwa ukarimu. Nilitaka wawe mahali ninapoweza kuwaona.

Kijana akaja na mananasi mawili mikononi. Tukala ugali kwa sato wa nazi, akasifu, akanawa, wakafungua laptopu. Mimi nikakaa pembeni na suruali ya kushona pindo kwa mkono, kazi isiyo na kelele. Nikatega masikio yote.

"Dada, mimi nimesoma mahali," kijana akaanza. "Java ina kitu kinaitwa seti. Unaitupia namba zote. Inayojirudia haipokelewi. Mistari miwili, tumemaliza."

"Hapana," mke wangu akasema.

"Lakini ni rahisi, dada..."

"Mwalimu ametaka mizunguko. Na akikuuliza hiyo seti inajuaje kwamba namba ilishaingia, utamjibu nini?"

Kijana akakuna kichwa.

"Nieleze mizunguko yetu," mke wangu akamwambia. "Kama mimi ndiye mwalimu."

Akaanza vizuri. Mke wangu akamkatiza. Na safu ikiwa haina namba hata moja, programu itafanya nini? Na zote zikiwa namba moja inayojirudia? Kwa nini mzunguko wa ndani unaishia kabla ya namba yenyewe? Kijana akajibu, akakosea, akarudia, akakosea kwingine. Jasho likamtoka puani. Mke wangu hakumhurumia, alikuwa amenyoosha mgongo, kalamu mkononi, sauti yake haikupanda wala kushuka. Sikuwahi kumwona hivyo. Miaka yote tuliyooana nilikuwa namjua mtu mmoja, na huyu aliyekaa mezani kwangu sikuwa nimetambulishwa kwake.

Walipopumzika, mke wangu akaenda kukata nanasi. Kijana akanifuata barazani. Upepo ulikuwa unatoka ziwani, akafungua kifungo cha juu apate hewa.

"Kaka," akaninong'oneza, "dada ni mkali. Kila Jumamosi nikiwa kwenye kivuko nilikuwa naomba Mungu asinianze na maswali."

Nilicheka kabla sijajizuia.

"Mimi niliwahi kutaka kuacha kabisa," akaendelea. "Nilijiona mjinga. Yeye ndiye alinikatalia. Alisema nikiacha atakuja kunifuata mpaka hospitalini." Akatazama chini. "Zile hadithi za wageni nilizitunga ili acheke, asinikaripie."

Nikamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Alikuwa kijana tu, mbali na kwao, anayemwogopa mke wangu kama nilivyomwogopa mwalimu wangu wa hesabu. Nilipaswa kufarijika, na kwa upande wake nilifarijika. Lakini nilibaki na kitu kifuani, na nilipokigeuzageuza nikaona hakikumhusu yeye tena. Nilimwonea wivu mke wangu. Alikuwa amekwenda mahali akawa mtu mkubwa, na hakuhitaji mtu wa kumsindikiza.

Kijana alipoondoka nilimsaidia mke wangu kuosha vyombo. Nikamuuliza swali nililolibeba muda wote ule. "Kuna siku ulimpenda?"

Alisuuza sahani, akaiweka. "Nilipenda nilivyokuwa nikiwa pale," akasema. "Pale hakuna anayeniuliza chumvi iko wapi."

"Mimi nakuuliza chumvi iko wapi?"

"Kila siku."

Kabati la chumvi liko mbele ya macho yangu tangu tuhamie nyumba hii. Nikafuta sahani.

Siku ya kujieleza mbele ya darasa nilikaa kiti cha nyuma kabisa. Kijana alikuwa ameomba ruhusa kazini, akaeleza mwanzo, mke wangu akaeleza mizunguko. Mwalimu akawatungia safu yake hapohapo, yenye namba hasi na sifuri zilizotawanyika, akawaambia wabashiri matokeo kabla ya kuiwasha. Kijana akamgeukia mke wangu. Mke wangu akazitaja moja baada ya nyingine bila kushika kalamu, na mashine ikachapisha vilevile. Watu wakapiga makofi. Na mimi nilipiga, kwa nguvu kuliko wote, nikiwa na vitu viwili, fahari na wivu, ambavyo sikuweza kuvitenganisha.

Walifaulu. Kijana amehamishiwa mkoa mwingine, wanapigiana simu mara mojamoja. Kule dukani mke wangu ameandika programu inayoyaonyesha majina ya bidhaa yaliyojirudia, na mama wa ile familia yenye duka huwaonyesha wageni wake programu hiyo kama anavyowaonyesha picha za wajukuu. Chuo nacho kikamwomba asaidie darasa la wanaoanza, na Jumamosi zake zimerudi kuwa si zangu.

Jumamosi iliyopita nilifika kumchukua kabla hawajamaliza, nikasimama dirishani. Alikuwa ameinama juu ya meza ya mwanaume wa rika langu mwenye shati la mistari, anamwonyesha kitu kwenye kioo. Mwanaume akatikisa kichwa, akajaribu, akatikisa tena, halafu ghafla uso wake ukafunguka. Akamgeukia mke wangu kwa macho yaleyale ambayo nadhani mimi nilikuwa nayo nilipotoka nje mpaka barazani nikarudi kuzitazama namba zangu. Mke wangu akatabasamu, akaenda meza nyingine. Wivu ukanirudia kama siku ile ya gatini. Sikuondoka, niliangalia mpaka mwisho.

Alipotoka akaniuliza kwa nini sikuingia ndani. Nikasema kulikuwa na upepo mzuri nje.

"Yule mwenye shati la mistari," nikasema tulipokuwa tunashuka, "anaelewa?"

"Polepole. Atafika."

"Kola yake imeshonwa ovyo."

Akasimama katikati ya njia, akacheka, kicheko chake chenyewe, si kile cha huruma. "Una wivu, wewe."

"Ninao," nikasema.

Akanishika mkono tukaendelea kuteremka kuelekea ziwani, kununua samaki kabla wachuuzi hawajafunga. Njiani akaanza kunisimulia zoezi jipya atakalowapa wiki ijayo, na kila alipofika mahali nisipopaelewa nilimsimamisha, akarudia.